Chora Miti Kwanza

Hotuba niliyoitoa jijini Nairobi mbele ya wanafunzi wa usanifu majengo na wanachama wa vilabu vya mazingira. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Walimu wangu, wanafunzi wapendwa, na wazee mliokubali kupambana na foleni ya magari ya Ijumaa jioni ili mje kutusikiliza: shikamooni. Nanyi vijana, hamjambo?

Nimeombwa niseme jambo kuhusu namna ya kujenga vyuo. Kwa kuwa kazi yangu ni usanifu majengo, huenda mlitarajia nije na picha za minara ya vioo. Sikuja nazo. Nimekuja na habari ya ziara ya siku mbili katika chuo kilichojengwa ndani ya msitu, na habari ya miti mitatu iliyokatwa hapa hapa Nairobi kwa mchoro wa mkono wangu. Habari hizo mbili kwangu zimekuwa moja. Siwezi kuwapa ya kwanza nikawaficha ya pili.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, anasomea sayansi ya bahari katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Ni mji wa pwani, kama kilomita 120 kusini mwa San Francisco. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikuwa na kazi upande ule wa Marekani, naye akanitumia ujumbe kila siku kwa wiki nzima: mjomba, usipite bila kufika kwangu. Nikafika. Akanipokea kituoni, tukapanda basi la kwenda chuoni, basi likaanza kukwea kilima.

Mwanzo wa kilima kuna uwanda mpana wa nyasi, na majira yale nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya simba. Ukigeuka nyuma, Ghuba ya Monterey imelala chini yako. Nikawa nasubiri kuona jengo. Basi likapanda, likapanda, nyasi zikaisha, tukaingia mitini na mwanga ukapungua ghafla kama chumba kilichofungwa madirisha. Nikamuuliza, "Chuo chenyewe kiko wapi?" Akacheka. "Mjomba, tumo ndani yake zamani."

Wanafunzi wa usanifu mliomo humu, lishikeni hilo. Chuo cha wanafunzi karibu 20,000, na mgeni anaingia hadi katikati bado anauliza kiko wapi.

Miti yenyewe inaitwa redwudi, kwa sababu ya wekundu wa mbao zake. Duniani hakuna jamii ya miti mirefu kuliko hiyo. Kaskazini mwa jimbo hilo upo mmoja unaozidi mita 115, na jumba letu la mikutano hapa, KICC, ambalo tukiwa watoto tulikuwa tukilitazama mpaka shingo ziume, lina mita 105. Iliyopo pale chuoni haijafika urefu huo. Sababu ya kutofika ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu leo, nami nitaifikia.

Siku ya pili nilifika mapema, saa moja asubuhi. Tulishuka kituoni tukaingia njia ya miguu, nikasikia mvua. Nikafungua mwavuli. Mpwa wangu akanishika mkono akanirudisha hatua kumi nyuma, hadi barabarani, na barabara ilikuwa kavu. Vumbi lilikuwa kavu. Tukarudi chini ya miti: matone, tap, tap, tap, udongo umelowa, na mabega ya koti langu nayo yakaanza kulowa. Akasema, "Nyamaza kidogo, mjomba. Sikiliza miti inavyojinyeshea."

Kumbe kiangazi cha kule hupita miezi mingi bila mvua ya maana. Ila bahari yao ni ya baridi, na usiku ukungu hutoka baharini ukapanda kilima. Majani membamba ya redwudi huunasa ule ukungu, unakusanyika kuwa matone, matone yanadondoka kwenye mizizi, na maji mengine mti huyanywa kwa majani yenyewe. Ukiukata mti, ukungu unapita juu ya kilima usiache kitu. Nilisimama pale na mwavuli wangu nikafikiria vilima vyetu vya Taita, ambako wazee wanakwambia mvua iliufuata msitu ulipoondoka. Nilikuwa nikiyachukua maneno hayo kama namna ya kusema tu. Siku ile niliona maji yenyewe yakitoka jani kwa jani.

Watu wa Pwani tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Mpwa wangu aliniambia kwamba tangu mwaka wake wa pili alikuwa amekwisha kuizoea ile miti, anapita chini yake akitazama simu kama mtu anayepita Tom Mboya Street. Ilibidi nifike mimi na mwavuli wangu ndipo aisikie tena.

Akanipitisha kila mahali. Kuna madaraja ya miguu yanayovuka makorongo. Kwa msanifu, daraja lile ni funzo tosha la siku nzima. Korongo limeachwa lilivyo, na kijito chake chini na miti yake inayopanda kutoka kilindini, nawe unatembea katikati ya mashina, si chini yake wala juu yake. Mkandarasi wa kawaida angeleta lori mia mbili za kifusi, akajaza korongo, akalainisha, akaweka lami. Niliweka kiganja kwenye ukingo wa daraja, na shina la mti lilikuwa karibu kiasi kwamba niliweza kuligusa bila kunyoosha mkono. Ganda lake ni nene na laini, lina nyuzi kama makumbi ya nazi. Ganda hilo ndilo linaloukinga mti na moto.

Maktaba kuu nayo imezungukwa na miti hivyo hivyo. Wanafunzi wanakaa madirishani na vitabu, na nje ya kioo ni mashina matupu, maana matawi yako juu sana. Sitawachosha na kila jengo. Nitataja mnyama mmoja tu kwa sababu watoto wangu walimpenda kuliko yote: koa, konokono yule asiyebeba nyumba mgongoni, wa njano kama ndizi mbivu, anayetambaa polepole kwenye majani yaliyooza. Wanafunzi walimpigia kura awe alama ya timu zao za michezo, na mwaka 1986 chuo kikakubali rasmi. Vyuo vingine vina simba na tai, wao wana koa. Nadhani ni heshima kubwa kwa msitu kumtukuza yule anayefanya kazi ya kurudisha majani kuwa udongo.

Sasa niwafikishe pale nilipoahidi.

Mchana alinipeleka mahali penye uwazi mdogo akaniambia nihesabu. Nikahesabu miti minane. Imesimama kwa duara kama watu waliozunguka moto. Katikati ya duara kulikuwa na kisiki, kimeoza nusu, kimefunikwa na mimea midogo laini kama zulia. Kwa upana wake, sisi wawili tungeshikana mikono tusingefika hata nusu ya kukizunguka. Kwenye ubavu wa kisiki, usawa wa kifua changu, kulikuwa na tundu lililochongwa kwa shoka. Wakataji wa zamani walikuwa wakichonga matundu kama hayo, wakapachika mbao, wakasimama juu ya mbao hizo ili waupate mti pale unapoanza kuwa mwembamba. Nikatia vidole tunduni. Kingo zake bado zilikuwa kali.

Redwudi ukikatwa haufi. Huchipua pembeni mwa shina, na machipukizi yanaponyanyuka yanakuwa miti, yote ikila kwa mizizi ile ile. Kwa hiyo ile minane niliyoihesabu ni mti mmoja. Na msitu wote nilioustaajabia tangu jana yake, karibu wote, ni wa pili. Wa kwanza ulikwisha kukatwa.

Nani aliukata? Jibu liko kule chini, pale chuo kinapoanza, na nilikuwa nimelipita kwa basi bila kulitambua. Ni matanuri ya chokaa.

Hapo niwaombe subira kidogo, kwa sababu chokaa ni habari ya ukoo wangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa kwetu Lamu. Magogo yanapangwa kwa duara, juu yake yanapangwa mawe ya matumbawe, moto unatiwa, na usiku mzima anga la upande ule ni jekundu. Asubuhi mawe yamekuwa meupe. Nyumba zile za Lamu ambazo watalii wanazipiga picha, kuta zake na mapambo yake ya plasta, zote ni chokaa ya namna hiyo. Nikiwa mtoto nilijua harufu yake, ile harufu kali inayokausha koo. Sikujua kuuliza magogo yalitoka wapi. Yalitoka msituni, mikoko na mingineyo. Kila ukuta mweupe una miti yake iliyokwenda moshi.

Basi nilipoyaona yale matanuri ya mawe, midomo yake imepanuka mlimani, hakuna aliyehitaji kunieleza. Kilima cha Santa Cruz kina mawe ya chokaa. Mwaka 1853 wafanyabiashara wawili, Davis na Jordan, walianza kuyachimba na kuyachoma, na mwaka 1865 Henry Cowell akanunua sehemu ya Jordan. San Francisco ilikuwa inakua kwa kasi na inataka chokaa ya kujengea. Tanuri moja likiwashwa huwaka siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana, na kuni zake zilikuwa redwudi zilizopasuliwa. Msitu ule ulikwenda San Francisco ndani ya mapipa. Na kabla ya Davis na Jordan, kabla ya wamishonari wa Kihispania waliofika mwaka 1791, kilima kile kilikuwa cha watu wa Uypi, waliosema lugha ya Awaswas. Wao waliishi na miti ile mikubwa kwa vizazi vingi na ikabaki imesimama.

Saruji ilipokuja, biashara ya chokaa ikafa. Mwaka 1961 chuo kikuu kilinunua ardhi ile, karibu hekta 800, kutoka kwa wakfu wa akina Cowell, na mwaka 1965 wanafunzi wa kwanza wakaingia.

Fikirini mezani pa mchoraji wakati ule. Ana hekta 800. Kule chini ana uwanda wa nyasi, hauna mti, karibu na mji. Kule juu ana msitu uliokwisha kukatwa mara moja, miti bado ni michanga kwa umri wa redwudi, makorongo kila mahali. Mtu yeyote angesema: msitu wenyewe ni machipukizi, safisha, sawazisha, jenga. Au angejaza ule uwanda majengo. Waliofanya mpango wa chuo, akiwemo msanifu wa mandhari Thomas Church, waliuacha uwanda uwe wazi ili watu waione bahari, wakayaingiza majengo ukingoni mwa msitu na ndani yake, yakifuata nafasi ambazo miti iliziacha. Chuo kikagawanywa kuwa vyuo vidogo, leo viko kumi, kila kimoja na mabweni yake na ukumbi wake wa kulia, kwa sababu jengo dogo linaweza kupita katikati ya miti, na jengo kubwa haliwezi.

Uzuri ule una mwenyewe. Mtu alikaa, akaamua, akatetea uamuzi wake mbele ya kamati ya fedha. Sisi tukipita mahali pazuri tunasema Mungu ameumba, na ni kweli ameumba, ila aliyeacha kukata ni binadamu.

Wala msidhani kule wamemaliza. Mwishoni mwa mwaka 2007 chuo kilipotaka kupanua majengo ya sayansi, wanafunzi na watu wengine walikwea redwudi, wakajenga vijukwaa juu, wakakaa huko kwa zamu zaidi ya mwaka mmoja. Na upande wa pili wa shilingi, mji ule kodi zake za nyumba ni kali sana na chuo kina upungufu wa mabweni. Mpwa wangu anaishi na wenzake watano kwenye nyumba ya vyumba viwili. Wapo waliolazimika kulala ndani ya magari yao. Nilimuuliza kwa dhati: kama ingekuwa juu yako, ungekata kona moja ya msitu wajengewe mabweni? Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Ningejenga ghorofa juu ya maegesho ya magari kwanza. Nikimaliza maegesho yote ndipo uniulize tena." Jibu hilo nimeliweka. Sijapata la kulipiku katika miaka yote ya kazi yangu.

Mwaka 2020, mwezi wa nane, radi kavu ziliwasha milima ya jirani, na chuo kizima kikahamishwa. Moto haukukifikia chuo, ila hifadhi ya Big Basin, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1902, iliungua karibu yote. Watu wakalia. Baada ya miezi michache, mashina yaliyokuwa meusi kama makaa yakaanza kuota nywele za kijani kutoka chini hadi juu. Mpwa wangu alinipeleka nikaona, na mkono ukigusa ganda unaondoka na masizi mpaka leo, huku juu yake kuna majani mabichi.

Nikawa na wivu, niseme kweli. Mti wa namna hiyo unakusamehe. Yetu mingi haina moyo huo. Mutarakwa, ule mwerezi wetu, ukiukata, umeukata. Shina lake halichipui. Na hata unaoweza kuchipua, sisi tunafuata na tingatinga tukang'oa kisiki.

Hapo sasa nimefika kwangu.

Mwaka 1999 nilikuwa mwanafunzi hapa Nairobi, mwaka wa pili. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Msitu wa Karura, hekta 1,041, uliotangazwa hifadhi mwaka 1932, ulikuwa unagawiwa vipande vipande kwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari Profesa Wangari Maathai alikwenda langoni na kundi lake kupanda mti mmoja. Wakashambuliwa, akapasuliwa kichwa. Mwanamke huyo aliwahi kuwa mwalimu pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, idara ya anatomia ya mifugo. Shahada yake ya udaktari ya mwaka 1971 ilikuwa ya kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati. Kwetu sisi wanafunzi ile damu ilikuwa damu ya nyumbani. Mwisho wa mwezi ule wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta waliingia barabarani. Nami nilikuwemo. Nakumbuka macho yanavyowaka kwa gesi, nakumbuka jamaa mmoja ambaye sikumjua jina akinimwagia maji usoni kutoka kwenye kopo la rangi, na nakumbuka kwamba wengi wetu hatukuwa tumewahi kuingia Karura hata siku moja. Tulikuwa tunapigania msitu wa kusikia. Mwezi wa Agosti rais akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo mnakwenda pale Jumamosi na baiskeli, mnakula chini ya miti, mnawaona kima. Mnafanya vizuri. Nendeni.

Sasa, yule kijana aliyemwagiwa maji usoni alihitimu, akapata leseni, akafungua ofisi. Kama miaka kumi na miwili hivi baadaye, shule moja ya binafsi ilinipa kazi ya kuchora jengo la madarasa. Kwenye kiwanja kulikuwa na miti mitatu ya mukinduri, mikubwa, imejipanga kando ya ua. Wakati wa njugu zake kudondoka, kindi walikuwa hawatulii. Mpima ardhi aliniletea ramani yenye mipaka, mteremko, bomba la maji na nguzo ya umeme. Miti hakuiweka, kwa sababu sikumwomba aiweke. Nikachora. Jengo likakaa vizuri, na maegesho ya magari ishirini na mawili yakaangukia pale pale ilipokuwa miti. Mkadiriaji gharama akaandika mstari mmoja: kusafisha kiwanja. Nikatia sahihi.

Siku niliyokwenda kukagua mjengo, mashina yalikuwa tayari chini na msumeno wa injini ulikuwa unaendelea kukata matawi. Mzee aliyekuwa bawabu wa shule alikuwa amesimama na kiti chake cha plastiki mkononi. Kwa miaka yote alikuwa akikaa chini ya ule wa katikati. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Bwana injinia, sasa kiti nikiweke wapi?" Nilitazama kote. Uwanja mzima ulikuwa jua. Nikamwambia tutamjengea kibanda cha mabati. Akasema asante.

Mle maegeshoni, niliporudi baada ya mwaka, nilihesabu magari saba.

Sikuwahi kumwambia mtu habari hii mpaka siku ile Santa Cruz, vidole vyangu vikiwa ndani ya lile tundu la shoka. Nilimwambia mpwa wangu. Nilijua kwa nini lilinishika vile. Aliyelichonga lile tundu hakuwa mtu mbaya, alikuwa fundi wa kazi yake kama babu yangu, kama mimi, na mchoro ulikuwa umekwisha kufanywa na wengine. Msitu hukatwa kwenye karatasi. Msumeno unafika mwisho kabisa, wakati hakuna tena wa kuuliza.

Ndiyo maana siku hizi ofisini kwangu tuna utaratibu mmoja ambao umenigharimu wateja wawili, na ningependa muuibe. Mpima ardhi halipwi mpaka alete ramani yenye kila mti: uko wapi, ni wa aina gani, shina lina unene gani ukilipima usawa wa kifua, na kivuli chake kinafika wapi. Duara la kivuli linachorwa, kwa sababu mizizi inafika hapo na kupita. Karatasi hiyo ndiyo ya kwanza mezani. Jengo linachorwa juu yake. Mti ukilazimika kuondoka, jina lake linaandikwa kwenye orodha ya gharama, mstari wake peke yake, na mteja anautilia sahihi mstari huo. Mtashangaa. Watu wanaotia sahihi "kusafisha kiwanja" bila kusoma, ukiwaandikia "kukata mugumo mmoja", kalamu inasita.

Kuna mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, nami nimepanda yangu na nitapanda tena. Lakini mche ni ahadi. Mukinduri aliyesimama amekwisha kutimiza ahadi yake, analeta kivuli leo saa saba mchana, anakula vumbi la magari leo. Naomba tusihesabu vya kupanda tu huku tukiacha kuhesabu vilivyosimama. Wazee wa kaya za Mijikenda, ile misitu mitakatifu ya Pwani, hawakuhitaji mpango wa bilioni. Walikuwa na mahali ambapo shoka haliingii, na kwa sababu ya neno hilo moja misitu yao ipo hadi leo, na mwaka 2008 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia.

Nanyi mna chuo chenu chenye miti, ila mmekizoea kama mpwa wangu. Chiromo ina mto na kivuli. Jirani yake kuna bustani ya miti, Arboretum, hekta 30, iliyoanzishwa mwaka 1907. Mnajua ilianzishwa kwa nini? Reli ilikuwa inachoma kuni. Walitaka kujua ni mti gani wa kigeni utakaokua upesi zaidi ili injini za moshi zisikose chakula. Ni tanuri lile lile la chokaa, ila hili lilikuwa na magurudumu. Bustani iliyoanza kama shamba la majaribio ya kuni ndiyo leo inayotuletea pumzi katikati ya jiji, na mtu asiyejua historia yake anakaa kwenye nyasi zake akala karanga bila wasiwasi. Jambo hilo linanipa moyo kuliko hotuba yoyote.

Kwa hiyo nina ombi, na nimekwisha kuzungumza na walimu wenu. Kesho Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane kwenye lango la Arboretum. Tutaingia humo tujifunze kutambua miti kumi kwa ganda na kwa jani, kisha tuvuke twende Chiromo tuanze kuichora, mti kwa mti, kuanzia upande wa mto. Hatutaimaliza kesho, wala mwezi huu. Wa usanifu walete mbao za kuchorea. Wa botania watuambie majina, na mkijua jina la Kikikuyu, la Kimaasai au la Kigiriama, liandikwe nalo, kwa sababu jina la nyumbani mara nyingi linakwambia mti ulikuwa unatumika kwa nini. Utepe wa kupimia ninao wa mita 50, mmoja. Mwenye mwingine aje nao. Na mvae viatu vya matope, maana kando ya mto pale juzi palikuwa bado pamelowa.